Nani Aliziwasha Mashine za Rangwi

Lushoto,
Mwishoni mwa Mei.

Kwako Kaka Mussa,

Shikamoo. Assalaam alaikum. Natanguliza salamu kwa sababu Mama hakutulea tumkute mkubwa tukaanza na mengine kabla ya kumwamkia, na hilo sitaliacha hata leo. Natumaini u mzima, na wifi Rukia na watoto hawajambo. Huku baridi imeingia mapema. Ukungu unashuka asubuhi mpaka mlangoni na hauondoki hadi watu wamechoka kuusubiri. Mama miguu inamsumbua kama kawaida yake majira haya, lakini anatembea, na jana alikwenda mwenyewe kuchuma mboga. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua hii anakuletea Asha wa Mzee Yusufu, anayekuja huko kumwona mwanawe. Nimemwomba akukabidhi mkononi, asimwachie mtu getini. Ningepiga simu, lakini unajua mwenyewe imekuwaje na simu. Nimepiga mpaka nimeacha. Ujumbe nao naona umesomwa na haujibiwi. Basi nimeshika kalamu, maana karatasi huwezi kuikata katikati ya neno. Naomba uisome yote. Siku ile wewe ulikuwa Dar, na mambo yetu uliyasikia kwa simu, vipande vipande. Acha nikusimulie ilivyokuwa kwetu sisi tuliokuwa huku.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, ile mvua yetu isiyo na kishindo, inayolowanisha udongo polepole hadi ndani kabisa. Nilipofika ofisini asubuhi nilimkuta Dada Happiness, mkuu wa kituo chetu cha tahadhari ya maporomoko, amesimama mbele ya skrini na koti lake la mvua mwilini bado linachuruzika. Ile ramani ya miteremko, ambayo siku zote ina kijani, njano na nyekundu, ilikuwa ya kijivu mahali pote. Umeme ulikatika alfajiri ukarudi, na seva zote nne kule Rangwi, zile mashine zinazosoma mvua na kuchora ramani hiyo, zilikuwa zimezimika na kubaki zimezimika. Hilo halikunishangaza. Wewe ndiye uliyetufundisha kuzipanga hivyo, mwaka ule umeme ulipokuwa unakuja na kuondoka hadi ukaunguza ubao wa mashine moja. Ulisema umeme ukirudi zisiwake zenyewe, zisubiri mtu aziwashe. Ulitufundisha vizuri.

Dada Happiness ni mtu wa udongo na miti, mambo ya kompyuta hayajui, akaniuliza tutaziwashaje nasi tuko Lushoto na mashine ziko juu ya mlima. Nikamweleza kwamba ndani ya kila seva kuna kadi ndogo, yenye waya wake na anwani yake, ambayo hailali hata mashine yenyewe ikiwa imezimika. Madhali umeme upo, kadi iko macho. Unaiita kutoka popote ulipo, unaipa neno la siri, unaiamuru iwashe mashine, nayo inawasha. Nikamwambia akae anywe chai, ni kazi ya dakika chache.

Niliziita kadi zote nne. Hakuna iliyojibu. Kaka, ningekuwa nimekosea neno la siri tu, kadi ingenijibu kwamba sikubaliki. Hazikunikataa. Zilinyamaza. Nikadhani njia ya kwenda Rangwi imekatika, lakini mnara ulikuwa unajibu, na kile kisanduku kinachounganisha nyaya zote kule juu kilijibu pia. Nikakiuliza kisanduku kama kinaziona zile kadi. Kikasema nyaya zote nne ziko hai. Nilirudia tena na tena, nikabadilisha kompyuta, nikapitia njia nyingine, majibu yakawa yaleyale. Nikamwambia Dada Happiness ni kama mtu aliye ndani, taa inawaka, moshi unatoka jikoni, nawe unapiga hodi haitiki.

Tukafikiria kwenda wenyewe. Shukrani, dereva wetu, aliondoka na gari na baada ya muda akarudi, tope hadi kwenye vioo. Barabara ilikuwa imemeguka na mti umelala juu yake, hata pikipiki hazikupita. Mlinzi wa kule juu alikuwa ameshuka kwao Mlalo kwenye matanga, mto ukamzuia kurudi, na ufunguo wa kibanda cha mashine alikuwa nao mfukoni. Kwa hiyo mlimani hapakuwa na mtu wetu hata mmoja. Hapo ndipo tulipokupigia wewe.

Lazima niliseme na hili, maana nimelirudia kichwani hadi limenichosha. Kampuni yenu ndiyo iliyozifunga zile mashine, na mlizisimamia kutoka huko Dar hadi mkataba ulipokwisha na kituo kikaamua kwamba nitazisimamia mimi. Ulipanda mwenyewe kuja kukabidhi. Mama alipika. Ulinipa anwani na maneno ya siri mbele ya watu wote, nikazijaribu kadi moja moja, zikafunguka. Ulimwambia Dada Happiness kwa utani kwamba mdogo wako akishindwa wanajua pa kukupata, watu wakacheka, nami nikacheka. Pembeni ukanisihi nisibadilishe maneno ya siri kwanza, hadi kampuni ipate barua rasmi ya kumaliza. Angekuwa mtu mwingine ningekataa. Kwako nilikubali, nikijua nimeiacha njia mikononi mwa ndugu yangu wa tumbo moja.

Basi tulikupigia, tukaiweka simu mezani tusikie sote wawili. Ulisikiliza kwa utulivu. Ukasema kadi zimeungua, umeme ulipokatika umezipiga. Nilikuuliza vipi ziungue zote nne kwa pamoja na nyaya zionekane hai, ukanijibu kwamba hayo huja na uzoefu. Sikukuuliza tena. Ukasema ipo njia nyingine unayoweza kuijaribu kutoka huko, lakini huwezi kugusa mashine za watu bila mkataba, kituo kiiandikie kwanza kampuni barua ya kuurefusha. Dada Happiness aliiandika palepale, akakosea hata jina la kampuni ikabidi airudie. Ukasema imefika, unamsubiri mkubwa wako aidhinishe. Tukasubiri. Ukasema bado kidogo. Tukasubiri.

Kulikuwa na jambo jingine la kufanya, nami nililisema. Nilisema tuwapigie wenyeviti wa vitongoji tuwaambie watu watoke kwenye miteremko, na ramani iwe ya kijivu ikitaka. Asubuhi ile mtandao wa simu ulikuwa bado unashika mabondeni. Dada Happiness alisita. Mwaka jana tuliwatoa watu na lisitokee lolote, wakarudi wakakuta kuku wameibwa, na yeye akaitwa wilayani akasemwa kama mtoto. Akainamia simu akakuuliza wewe, fundi. Wewe ukasema:

"Msiwatoe watu kwa kubahatisha. Mashine zitawaka."

Kwa sauti ile ile unayomtulizia Mama akilia miguu. Dada Happiness akashusha pumzi, akairudisha orodha ya wenyeviti mezani.

Ilipokaribia adhuhuri nilishindwa kukaa. Nilitoka barazani nikampigia Hamza wa Bi Mwanahawa, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, kwa idhini yangu mwenyewe. Hakupatikana. Nikampigia mwenyekiti wa kitongoji chetu, naye hakupatikana. Mtandao wa bondeni ulikuwa umeshaanguka. Kilichobaki ni king'ora, kile tulichokifunga kwenye mti wa shule, kwa kuwa chenyewe hakihitaji simu, kinapata amri kwa redio kutoka Rangwi. Na Rangwi kulikuwa kumezimwa.

Mlima uliporomoka baada ya swala ya adhuhuri. Mama aliuona, alikuwa ng'ambo ya kijito, chini ya paa la jiko. Anasema hakusikia mlio mkubwa kama watu wanavyosimulia. Aliona migomba ya kwa Bi Mwanahawa inatembea. Ilitembea imesimama wima, ikashuka pamoja na shamba lake, halafu nyumba haikuwepo. Hamza alikuwa amekwenda Soni na karoti. Mama yake na mkewe Husna walikuwa ndani wanamenya viazi, kwa kuwa mvua haikuwaruhusu kufanya kitu kingine.

Sisi tulipata habari kwa mtu wa Soni aliyebahatika kupiga. Dada Happiness alikaa chini, sakafuni, na koti lake. Mimi niligeuka kwa kuwa sikutaka kumtazama, macho yangu yakaangukia skrini, na skrini ilikuwa na rangi. Miteremko yetu yote ilikuwa nyekundu. Mashine zilikuwa zimewaka.

Na mashine zilipowaka zilifanya kazi yake. Zilisoma mvua yote ya wiki, zikapiga hesabu, zikatuma amri, na king'ora kikalia. Watu walikuwa tayari tumboni mwa tope wanachimba kwa majembe na kwa mikono. Mama anasema kililia muda mrefu juu ya vichwa vyao, wanawake wakaanza kulia pamoja nacho, hadi kijana mmoja akapanda mtini akakikata waya kwa panga.

Ukapiga simu wakati ule. Ukasema zimewaka, umeme umetulia, kadi zimejirudi zenyewe. Sikuwa na akili ya kuuliza. Nilikushukuru, kaka. Nilisema ahsante, Mungu akulipe.

Bi Mwanahawa walimpata siku ileile. Husna walimpata kesho yake, kwenye mizizi ya mparachichi. Mama ndiye aliyewaosha. Mazishini watu walikuwa wengi kuliko nafasi, Waislamu na Wakristo, hadi watu wa misheni ya Gare walikuja na majembe yao. Mwenyekiti aliposimama kushukuru waliojitahidi alikutaja wewe kwa jina. Alisema yupo kijana wetu Dar es Salaam aliyehangaika na simu tangu asubuhi kujaribu kutuokoa, na Mungu hakupenda. Wanawake wakamshika Mama mkono, wakimpongeza kwa mtoto. Hamza alinifuata nilipokuwa nimesimama kwenye ua. Wewe ulikaa naye dawati moja, unamjua, si mtu wa maneno. Aliniambia nikufikishie kwamba anajua ulifanya uliloweza. Sikukufikishia wakati ule. Nakufikishia sasa.

Barabara ya Rangwi ilipotengenezwa nilipanda na Shukrani na mlinzi. Kufuli la kibanda lilikuwa mahali pake, limeshika kutu ya wiki za mvua, tukalimwagia mafuta ndipo likafunguka. Nilikwenda kubadilisha kadi zilizoungua. Dada Happiness alikuwa ameziagiza mpya, nimezibeba begani.

Hakuna kadi iliyoungua. Nilizungukia nyuma ya kabati nikaona taa zake nne ndogo zinapepesa kama siku zote. Nikachomeka kompyuta yangu moja kwa moja kwenye kadi ya kwanza. Ilijibu, lakini si kwa anwani tuliyokabidhiwa. Ilikuwa imehamishiwa anwani nyingine, na neno la siri halikuwa tena lile ulilonipa. Kadi ya pili hivyohivyo, na ya tatu, na ya nne. Anwani zile mpya ni za upande wenu, za ile njia ya kampuni ambayo mimi sipiti. Ndiyo maana zilininyamazia. Mtu alizihamisha akaacha nyumba zile zile tunazozipigia hodi zikiwa tupu.

Nilikaa kwenye ndoo. Shukrani aliniuliza kama naumwa. Nilikuwa nawaza jambo moja tu. Zile mashine tumezipanga zisiwake zenyewe umeme ukirudi, na nilitazama nikaona mpangilio ni uleule, haujaguswa. Mlango ulikuwa na kutu. Mlimani hapakuwa na mtu. Na bado, Hamza alipokuwa bado yuko njiani kutoka Soni hajui kwamba hana mama wala mke, mashine zote nne ziliwaka. Aliyesema kadi zimekufa ndiye ziliyemtii.

Nilitoka nje hadi chini ya mnara, ambako simu inashika vizuri, nikakupigia. Ulipokea ukiwa mchangamfu. Sikukuamkia, ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu. Nilikuuliza:

"Kaka, nani aliziwasha mashine?"

Nilisikia magari nyuma yako, na mtu anauza maji. Halafu ukasema:

"Zakia, sikujua kama mvua ilikuwa kubwa vile."

Ukakata. Tangu hapo sijaisikia sauti yako.

Kaka Mussa, nimekaa na neno lako hilo nimelipima kila upande. Najua hukutaka mtu afe. Ulitaka tukukose asubuhi moja. Ulitaka kituo kione kwamba msichana uliyemwachia kazi haziwezi mashine, kipige magoti, kiandike ile barua, halafu ufungue kwa kidole kimoja uitwe fundi. Ulipanga hitilafu ndogo ya siku ya kawaida, ukasahau kwamba mlima hauulizi siku. Hata hilo ningeweza siku moja kulimeza. Lisilopita kooni ni hili, kwamba tulikupigia asubuhi, watu wote wakiwa hai, ukaisikia sauti yangu na ukajua ninachotafuta kiko wapi. Ungekuwa na chuki nasi ningejua pa kuiweka chuki yako. Lakini ulitupenda, ukatuacha tusubiri barua.

Yote haya nimemweleza Dada Happiness, na nimeyaeleza mbele ya watu wa wilaya walipokuja kuchunguza. Sikuongeza, sikupunguza. Waliniuliza una uhusiano gani na mimi, nikawaambia. Kompyuta ya kampuni yenu wataifuata, na sidhani kama itachukua muda. Kwangu usitegemee nibadilishe neno.

Mama sikutaka ajue. Nilikusudia mzigo huu niubebe peke yangu hadi nizeeke nao. Lakini juzi aliposikia Asha anakuja Dar alianza kukufungia mfuko, maharage na asali na yale magimbi unayoyapenda, anaimba huku anafunga, anasema mwanangu alivyosumbuka siku ile hata shukrani hakupewa ya maana. Nikamshika mikono nikamwambia.

Hakulia. Aliniuliza swali moja tu, kama ungeweza kuzifungua tulipokupigia asubuhi. Nikamwambia ungeweza. Alikaa hapo jikoni hadi moto ukazimika, nami sikuthubutu kuuchochea. Nilidhani atakulaani, nikawa namwomba Mungu asikulaani. Mwisho alinyanyuka, akashika ukuta, akasema:

"Mwandikie. Mwambie hapa bado ni kwao. Lakini asivuke kizingiti changu kabla hajavuka cha Hamza."

Nilimuuliza kama Hamza aambiwe. Akakataa. Akasema hakuna wa kulisema jambo hilo badala yako, si mimi, si yeye, si shehe, neno lina mwenyewe. Lakini, kaka, wilaya nao wana midomo, na siku watakapoandika ripoti yao kitongoji kizima kitajua. Ukichelewa, Hamza atalisikia sokoni, kutoka kwa mtu asiyejua hata jina la mke wake.

Mfuko Asha haji nao. Mama aliubeba mwenyewe akaupeleka kwa Hamza.

Msalimie sana wifi Rukia, na uwabusu watoto, hao hawana kosa na mtu. Mama hakuniambia nikupe salamu zake, nami siwezi kukutungia. Mzee Yusufu na majirani wote wanakusalimu, kwa kuwa hawajui.

Barabara ya Soni imefunguliwa na magari yanapanda kutwa. Hamza amehamia kwa mjomba wake, nyumba ya kwanza baada ya msikiti. Hatoki siku hizi, shambani haendi. Wakati wowote utakaofika, utamkuta.

Ni mimi mdogo wako,
Zakia